Kwa nini E175 ya zamani inauzwa na E175-E2 mpya imewekwa kando?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma uhandisi wa mitambo na ninafuatilia sana ndege ndogo za abiria za jeti. Embraer wa Brazili wametengeneza E175-E2 yenye injini mpya, bawa jipya na matumizi madogo ya mafuta, lakini mashirika ya Marekani yanaendelea kununua E175 ile ya zamani. Kuna siri gani hapo? Na kwa nini Boeing na Airbus wasifupishe tu ndege zao kubwa wakapata ya viti 80 au 100, badala ya kampuni nyingine kufilisika zikijaribu kuunda mpya?

JIBU: Marahaba. Maswali yako ni mawili, ila yote yanaishia kwenye mizani. Katika kundi hili la ndege, mtaalamu wa hewa huwa wa pili kuzungumza. Wa kwanza ni mwenye karatasi ya uzito, na vikomo vilivyoandikwa kwenye karatasi hiyo mara nyingi vimewekwa na watu ambao hawajawahi kuchora bawa maishani mwao: vyama vya marubani, wanasheria, waandishi wa kanuni.

Anza na nambari mbili: viti 76 na pauni 86,000.

Huko Marekani, mashirika makubwa kama American, Delta na United hayarushi yenyewe sehemu kubwa ya ndege zao ndogo. Kazi hiyo wanapewa mashirika ya kikanda, kama SkyWest na Republic, yenye marubani wake, mafundi wake na leseni yake. Abiria hatambui, kwa kuwa ndege imepakwa rangi za shirika kubwa na tiketi imeuzwa na shirika kubwa. Marubani wa mashirika makubwa waliona mapema mambo yanakoelekea: leo zinatolewa nje ndege za viti 50, kesho za viti 100, keshokutwa kazi yote imehamia kwa wenzao wanaolipwa kidogo. Wakabana kwenye mikataba yao ya kazi. Ndege itakayotolewa nje isizidi viti 76, na uzito wake wa juu wa kupaa usizidi pauni 86,000, yaani tani 39 hivi. Hata idadi ya ndege za aina hiyo imewekewa ukomo. Kikomo hiki si sheria ya serikali wala hakihusiani na usalama. Ni makubaliano ya mwajiri na wafanyakazi wake, na bado ndicho kilichoamua umbo la jeti za kikanda kuliko mhandisi yeyote ninayemjua.

Sasa tazama E175-E2. E175 ya mwanzo ina injini za General Electric, CF34-8E, ambazo feni yake ina kipenyo cha sentimita 117 hivi. E175-E2 ina PW1700G ya Pratt & Whitney, yenye feni ya sentimita 142. Sentimita hizo 25 ndizo zenye faida yote, na ndizo zenye balaa lote. Faida yake ni kwamba kusukuma hewa nyingi polepole kunakula mafuta machache kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Na kwa kuwa kuna gia kati ya feni na turbini, feni inazunguka kwa karibu theluthi moja tu ya mwendo wa turbini inayoiendesha, kila moja katika kasi inayoifaa.

Balaa linaanzia kwenye ganda la injini. Feni kubwa inataka ganda pana, na injini pamoja na ganda lake huongeza mamia ya kilo kila upande. Ganda pana likining'inia chini ya bawa linakaribia lami, kwa hiyo miguu ya magurudumu inabidi irefushwe. Mguu mrefu ni mzito, na chumba cha kuukunjia kinakua. Bawa linaloshika injini nzito linaimarishwa. Na maadamu bawa linachorwa upya, kila mtu anataka liwe refu na jembamba ili kupunguza ukinzani wa hewa, lakini bawa refu hupindwa kwa nguvu kubwa zaidi penye shina lake, kwa hiyo shina nalo linanenepa. Ndege nzito inataka breki kubwa zaidi, na breki kubwa zinataka magurudumu makubwa. Kilo moja iliyoingia mapema kwenye mchoro huja na ndugu zake. Embraer walijitahidi kuzirudisha baadhi: walitumia mfumo kamili wa kuongoza ndege kwa umeme badala ya ule wa mwanzo uliochanganya umeme na kamba za chuma, na kwa kuwa kompyuta ndizo zinazoituliza ndege, mkia uliweza kuwa mdogo kidogo. Hata hivyo hesabu ilifungwa juu ya tani 44. Hizo ni tani 5 zaidi ya kikomo.

Embraer hawakushtukizwa na hili. Kikomo kilikuwepo walipozindua familia ya E2 mwaka 2013, na mwaka huo huo SkyWest waliweka oda ya ndege 100. Walichofanya ni kucheza kamari kwamba, hadi ndege itakapokuwa tayari, mashirika na marubani watakuwa wamekaa mezani na kulegeza masharti. E175-E2 iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Masharti hayakulegezwa. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kuusimamisha mradi kwa miaka 3, na ndege haijaingia kazini.

Utauliza: kwani hakuna soko nje ya Marekani? Lipo, ila huko hakuna kipengele cha viti 76, na mteja asiyefungwa na kipengele hicho hana sababu ya kununua mdogo wa familia. Anachukua E190-E2 au E195-E2, ambazo kwa marubani wale wale wawili zinabeba watu wengi zaidi. E190-E2 ilianza kazi mwaka 2018 na Widerøe ya Norway, na Embraer wanasema inatumia mafuta pungufu kwa asilimia 17.3 kuliko E190 ya kwanza. E175-E2 ilibanwa katikati: soko lililokuwa linaitaka halikuruhusiwa kuinunua, na lililoruhusiwa halikuihitaji.

E175 ya zamani nayo haikukaa bure. Kuanzia mwaka 2014 hivi ilipewa ncha mpya za bawa, ndefu na zilizolala kwa nje, pamoja na usafi wa sehemu ndogo ndogo za mwili ambazo zilikuwa zikivuruga hewa. Matumizi ya mafuta yakashuka kwa asilimia 6.4 kwa hesabu ya Embraer wenyewe. Ukilinganisha na faida ya injini mpya ni kidogo, lakini ndege ilibaki chini ya tani 39, na mauzo yakaendelea.

Vikomo vya mikataba vya namna hii vimezaa vituko vingine ambavyo huwezi kuvielewa kwa vitabu vya uhandisi peke yake. Embraer walitengeneza ERJ 140 ya viti 44, ambayo kimsingi ni ERJ 145, jeti yao ya viti 50, iliyofupishwa kidogo kwa ajili ya mkataba. Bombardier wa Kanada waliliuzia shirika la Northwest la Marekani CRJ440, yaani CRJ200, jeti yao ya viti 50, ikiwa na viti vilivyopunguzwa hadi 44. Cha kuchekesha zaidi ni CRJ550: mwili wa CRJ700, uliobuniwa kwa viti 70, ukapewa cheti cha uzito mdogo na viti 50 tu, na nafasi iliyobaki ikajazwa makabati ya mizigo na kona ya vitafunio. United ndio waliianzisha mwaka 2019. Mhandisi aliyepigania gramu kwenye mwili ule angelia, lakini mkataba wa viti 50 ulikuwa na nafasi na ule wa viti 76 ulikuwa umejaa.

Hata hicho 50 hakikuokotwa. Kanuni za Marekani zinataka mhudumu mmoja wa ndani ya ndege kwa viti hadi 50, na wawili kuanzia kiti cha 51 hadi 100. Kiti cha 51 ni mshahara wa mtu mzima. Ndiyo maana jeti za kikanda hurundikana chini kidogo ya 50 na chini kidogo ya 100, na katikati zimejipanga pale mikataba inapozipangia.

Wabunifu waliofika kwanza kwenye hicho 50 walipita njia mbili tofauti kabisa.

Canadair wa Kanada, waliokuwa wamenunuliwa na Bombardier, walikuwa na ndege ya matajiri iitwayo Challenger. Bahati yao ni kwamba ilikuwa na mwili mpana kuliko wenzake, mita 2.69, unaoweza kukaa viti viwili huku na viwili huku. Wakaurefusha, CRJ100 ikaruka Mei 1991, na mwaka uliofuata Lufthansa CityLine wakawa wanaitumia. Injini ilikuwa CF34, ukoo mmoja na injini ya ndege ya kivita ya A-10. Kurithi mwili kuliokoa miaka na fedha nyingi, ila urithi huja na madeni. Madirisha yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya mtu aliyezama kwenye kochi, kwa hiyo abiria wa kiti cha kawaida alilazimika kuinama ili aone nje. Kwenye CRJ700 ilibidi sakafu ishushwe kidogo na madirisha yapandishwe.

Embraer wao walianza na ndege ya pangaboi, Brasilia ya viti 30. Wazo la mwaka 1989 lilikuwa rahisi kupita kiasi: refusha mwili, toa pangaboi, weka injini mbili za jeti juu ya bawa lile lile lililonyooka. Kwenye handaki la upepo ikaonekana kwamba ukinzani ni mkubwa mno kwa kasi waliyoitaka. Wakalivuta bawa nyuma kidogo na kuzihamishia injini chini yake. Hapo wakakutana na tatizo lile lile la miguu mirefu: ndege ilisimama juu, nzito, na mlango wake haufikiki bila ngazi ya uwanjani. Mara ya tatu wakazipeleka injini nyuma, ubavuni mwa mkia, na hapo ERJ 145 tunayoijua ikazaliwa. Iliruka Agosti 1995, miezi michache baada ya serikali ya Brazili kuibinafsisha kampuni, kwa fedha ambazo kwa sehemu zilitoka kwa washirika waliokubali kubeba hasara kama ingekuja: Gamesa wa Hispania kwa bawa, Sonaca wa Ubelgiji kwa vipande vya mwili, ENAER wa Chile kwa mkia. Mwili ulibaki mwembamba wa Brasilia, kiti kimoja kushoto na viwili kulia.

Mahali pa injini panastahili maneno zaidi, maana wanafunzi wengi hudhani ni suala la sura. Injini zikikaa nyuma, bawa linabaki safi, ndege inakaa chini karibu na lami, na ngazi inaweza kutoka mlangoni. Kwa safari fupi zenye kusimama mara nyingi, hilo ni jambo kubwa. Gharama yake ni kwamba fremu za mkiani zinazozishika injini huwa nene, na ndege tupu inakuwa nzito nyuma, kwa hiyo bawa linasogezwa nyuma na kila abiria anayekaa mbele anahamisha kitovu cha uzito kwa kiasi kikubwa. Mkia nao unalazimika kupanda juu ya injini, na mkia wa juu una hatari yake: pua ikinyanyuliwa mno, hewa iliyovurugwa na bawa inaufunika mkia, na rubani hana tena cha kuishushia pua. Waingereza walijifunza hili Oktoba 1963, BAC One-Eleven ya majaribio ilipoanguka na kuua wote 7 waliokuwemo. Tangu hapo ndege nyingi za umbo hilo zimewekewa chombo kinachosukuma usukani mbele kabla hali haijafika huko.

Injini zikikaa chini ya bawa, uzito wake unalivuta bawa chini huku hewa ikiliinua juu, mpindo kwenye shina unapungua, na bawa linaweza kuwa jepesi. Ndiyo sababu Embraer walipochora familia ya E170 hadi E195 kwenye karatasi tupu waliziweka chini ya bawa bila kusita. Wajerumani walijaribu njia ya tatu kwenye VFW-614, injini juu ya bawa, ndege ikaruka mwaka 1971. Zilijengwa 19 tu.

Nikuonyeshe sasa jinsi kuokoa kilo kunavyoweza kugeuka deni. Bawa la CRJ ya viti 50 halina vibawa vya kufunguka kwenye ukingo wa mbele. Vibawa hivyo huliwezesha bawa kushika hewa kwenye pembe kali zaidi, lakini ni vyuma, reli, mota na saa za fundi, na kwa ndege ndogo hesabu inaonyesha unaweza kuishi bila hivyo. Unaweza, kwa sharti kwamba ukingo uwe msafi. Umande ulioganda, hata usiofika milimita moja, unatosha kulifanya bawa la aina hiyo liachie hewa mapema kuliko kipimo chochote kilichoko mbele ya rubani kinavyotarajia, na huachia ghafla. Novemba 2004 huko Baotou, China, CRJ200 ililala nje kwenye baridi, asubuhi ikapaa bila kuondolewa barafu, na sekunde chache baadaye ikaanguka kwenye bustani yenye ziwa. Walikufa watu 55, wawili kati yao wakiwa ardhini. Fokker F28, yenye bawa la aina hiyo hiyo, ilikuwa imeshaua watu 24 huko Dryden, Kanada, mwaka 1989, na 27 New York mwaka 1992, mara zote mbili kwa barafu. CRJ700 ilipewa vibawa vya mbele. Ukisoma jedwali la uzito utaona CRJ700 imenenepa, na sehemu ya unene huo ni somo hili.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, la kufupisha ndege kubwa. Limejaribiwa. Airbus waliikata A319 wakapata A318, Boeing wakatengeneza 737-600. Za Airbus zilijengwa 80, za Boeing 69. Ukilikata lori la tani 10 nyuma hupati pikapu. Unapata lori fupi, lenye ekseli zile zile na injini ile ile. A318 ilibaki na bawa lililoundwa kubeba A320, na mwili wa upana wa viti 6. Na kwa kuwa mwili umefupishwa, mkia uko karibu zaidi na kitovu cha uzito, nguvu yake ya kuigeuza ndege inapungua, kwa hiyo ilibidi mkia wa wima uongezwe urefu. Ndege imekatwa, mkia umekua! Tupu ina karibu tani 39.5 kwa viti 107. E190 tupu ina karibu tani 28 kwa viti 100. Tani 11 na zaidi zinapandishwa angani kila safari bila kulipa nauli.

Kwenye safari ndefu tani hizo zingeuma kidogo kidogo. Kwenye safari ya dakika 50 zinauma mara moja, maana sehemu kubwa ya mafuta huishia kwenye kupanda, na kupanda ni kunyanyua uzito tu. Kisha kuna ada. Nchi za Ulaya zinazokusanya ada za anga kupitia Eurocontrol hutoza kwa umbali ukizidishwa na kipeuo cha pili cha uzito wa juu wa kupaa uliogawanywa kwa 50, na viwanja vingi hutoza kutua kwa tani. Uzito unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye cheti, hata kama siku hiyo ndege ni nusu tupu. Ndiyo maana watengenezaji huuza ndege moja kwa vyeti vya uzito tofauti; bati halibadiliki hata kidogo.

E-Jet, yaani familia ya E170 hadi E195, ilifaulu kwa sababu haikuwa mkato wa kitu kingine. Ukiukata mwili wake kwa msumeno hutaona duara moja. Ni maduara mawili yaliyopandana, la juu pana kwa abiria na la chini dogo kwa mizigo. Viti viwili na viwili, hakuna kiti cha kati. Mtu mzima anasimama wima kwenye njia, na bado eneo linalokata hewa ni dogo kuliko la mwili wa viti 6. LOT ya Poland walianza kuruka nayo Machi 2004, wakati ambapo jeti za viti 50 zilikuwa bado zinanunuliwa kwa mamia. Miaka minne baadaye pipa la mafuta lilifika dola 147, na mashirika yakagundua kwamba kugawa mafuta ya injini mbili na mishahara ya marubani wawili kwa watu 50 hakulipi.

Kuhusu waliofilisika, sababu zao hazifanani. Fokker wa Uholanzi walianguka Machi 1996 wakiwa na ndege nzuri na vitabu vya hesabu vibaya. Fairchild Dornier waliionyesha 728 hadharani Machi 2002 na mwezi uliofuata wakaomba kinga dhidi ya wadai. Ndege haikuruka hata mara moja. Bombardier walitengeneza C Series, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ndege safi kuliko zote kwenye mpaka wa juu wa kundi hili, na mradi ukawamaliza: Julai 2018 Airbus wakachukua hisa za udhibiti bila kulipa fedha za ununuzi, wakaiita A220.

Mitsubishi wa Japani wanastahili kusomwa peke yao. Waliuzindua mradi wa jeti ya kikanda MRJ mwaka 2008, na shirika la ndege la ANA la huko huko Japani kama mteja wa kwanza. Walipanga bawa la nyuzi za kaboni, mwaka 2009 wakarudi kwenye aluminiamu, kwa sababu kwenye bawa dogo faida ya kaboni inapungua: kuna unene ambao huwezi kushuka chini yake, haijalishi nguvu inayohitajika ni ndogo kiasi gani. Ndege iliruka Novemba 2015. Mwanzoni mwa 2017 wakatangaza kwamba vifaa vya umeme na nyaya zake lazima vipangwe upya, ili tukio moja, mlipuko au maji yaliyovuja, lisiweze kuzima mfumo mkuu na wa akiba kwa pamoja. Hilo lilitakiwa kuwa kwenye michoro ya kwanza kabisa. Kampuni ilikuwa hodari wa kujenga vipande vya ndege za wengine, lakini kujenga kipande na kuithibitishia mamlaka ndege nzima ni kazi mbili tofauti. Na juu ya yote hayo, MRJ90, toleo kubwa la ndege hiyo, nayo ilizidi pauni 86,000. Kamari ile ile ya Embraer, meza ile ile. Walijaribu kuchora upya mdogo wake wa viti 76, wakabadilisha jina kuwa SpaceJet, kisha korona ikaja. Mradi ulizikwa Februari 2023. Katikati ya hayo, mwaka 2020, walikuwa wamenunua mradi wa CRJ kutoka Bombardier.

Superjet ya Urusi iliangushwa sokoni na matunzo kuliko na umbo. Injini yake ya SaM146, ya ubia wa Urusi na Ufaransa, ilisumbua kwenye sehemu za moto, na vipuri vilichelewa. Interjet ya Mexico ilikuwa na zaidi ya 20 na ikafikia kung'oa vipuri kwenye baadhi ili nyingine ziruke. Ndege ya kikanda inapaa na kutua mara 6 hadi 8 kwa siku, kwa hiyo ikilala siku moja inaharibu safari nyingi kuliko ndege kubwa ikilala siku hiyo hiyo. Ghala la vipuri ni sehemu ya usanifu.

ARJ21 ya China, siku hizi C909, nitaipita haraka: iliruka mwaka 2008, ikaanza kubeba abiria mwaka 2016, na tupu ina karibu tani 25 kwa viti visivyozidi 90 hivi. Linganisha na tani 22 za E175.

Kwa kuwa unasoma uhandisi, nakushauri ufanye hesabu moja mwenyewe. Watengenezaji huchapisha bure vitabu vya kupangia viwanja vyenye uzito wa kila ndege. Gawanya uzito mtupu kwa viti. Utapata kilo 288 hivi kwa E175 yenye viti 76, 280 kwa E190, 284 kwa A320 yenye viti 150, na karibu 370 kwa A318. ATR 72 ya pangaboi itakupa 190 hivi, na hapo utaelewa kwa nini ingali hai kwenye safari za kilomita 400, ambako jeti inaipita kwa dakika chache tu. Nambari hii ina mahali pamoja itakapokudanganya. ERJ 145 itakupa kilo 240 kwa kiti, nzuri kuliko jeti zote nilizokutajia, na bado ndiyo iliyokimbiwa. Hapo ongeza safu ya pili kwenye jedwali lako: gharama ya marubani wawili ikigawanywa kwa viti, kwa sababu wawili hao wanalipwa, viti viwe 50 au 100.